Mizani ya Wilson

Saa kumi na mbili kasorobo, ukungu umelala Wilson
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nafungua ofisi, nawasha taa moja
(ya pili ilikufa Machi),
napangusa mizani kwa kitambaa cha sare ya zamani.
Washairi wana mizani yao, huihesabu kwa vidole.
Mimi yangu ni chuma, na ina kutu kwenye mguu wa kushoto.

Kabla hujapanda ndege ya Sirongo napima mzigo,
kisha nakupima wewe.
Usinichukie. Ndege ina viti tisa,
na rubani Kiplimo haamini kilo za kukisia.
Wanawake huvua viatu, hubana pumzi,
kana kwamba pumzi nayo hutozwa.
"Usitangaze," Mama Akeyo huninong'oneza,
nami naandika kimya: themanini na nne,
na vifaranga kwenye boksi lenye matundu, kilo tatu.
Mwalimu Olweny, sitini na moja;
mitihani ya darasa zima inamlemea begani.
Mtoto mchanga hupimwa akiwa amebebwa,
halafu namtoa mama.

Nauli ni elfu mbili na mia tano.
Serikali hulipa salio,
na salio ndilo lenye maneno.

Jumanne alikuja kijana wa wizarani,
Upper Hill, ghorofa ya kumi na moja,
Mutisya Ndambuki, tai ya buluu, kompyuta kwapani.
Hakuja kusafiri. Alikuja kuhesabu.
"Ruzuku ya kila kiti imepanda," alisema.
"Na hivi vitupu, nani anavilipia?"
Akanigeuzia jedwali. Njia nyingine zilikuwa kijani kibichi;
Sirongo nyekundu toka juu hadi chini,
kama jicho la mtu aliyekesha na mgonjwa.

Mimi sikusomea uchumi.
Nikamtolea daftari langu, lile la karatasi,
lenye doa la chai na majina.

Tarehe tatu, kiti cha tano, kitupu:
Nyanya Nyagaya, alikuja kusafishwa damu.
Tiketi yake ya kurudi ninayo kwenye droo.
Alirudi kwa barabara, kisha kwa mashua, amelala chali.
Tarehe kumi, cha pili na cha tatu:
bibi harusi na mpambe wake. Uchumba ulivunjikia Kariobangi,
na sitaki kujua zaidi, ingawa najua.
Tarehe kumi na saba, cha tisa:
hapo lilikaa sanduku la chanjo, limefungwa mkanda kama abiria,
ila jedwali lako halihesabu masanduku.
Tarehe ishirini na nne, vyote:
ukungu. Watu walingoja hadi adhuhuri,
wakamaliza mandazi yangu, wakarudi kulala kwa jamaa Kawangware.

Akaandika kidogo. Akafuta.
"Haya hayana safu," akasema,
wala hakusema kwa dharau; alisema kama mtu
anayetafuta pa kuweka mwavuli uliolowa.

Nikamwambia apande mizani.
Akacheka, akakataa, akapanda.
Sabini na tatu. Na kompyuta, sabini na tano.
"Ungekuwa unakwenda," nikamwambia, "ningekupa cha tano, dirishani.
Juu ya Londiani ndege hutikisika, shika kiti cha mbele.
Halafu ziwa linaingia bila hodi."

Alikuwa na mkutano saa nne.
Akanipa mkono, akaondoka kwa miguu
hadi barabara ya Lang'ata, mvuke ukimtoka mdomoni.
Mkataba wa ruzuku unaisha Juni.
Hakuniambia ataandika nini, nami sikumuuliza.

Jambo moja tu: aliposhuka, mshale haukurudi sifuri.
Nikagonga kioo, nikaupuliza. Haukurudi.
Kiplimo akaniita, abiria wamejipanga,
basi nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu kabisa:
nusu kilo,
mwenyewe hajulikani.